Je, wajua kwa nini diski nne za TB 4 haziipi ofisi TB 16?

Fundi amepachika diski nne kwenye NAS mpya ya ofisi, yaani ile seva ndogo isiyo na skrini ambayo hutunza mafaili ya wafanyakazi wote. Kila diski ina lebo ya TB 4, yaani terabaiti nne. Nne mara nne ni kumi na sita, lakini kifaa kikiwashwa kinaonyesha karibu 10.9. Ofisi nyingine yenye diski zilezile inaona 7.2. Hakuna aliyepunjwa. Kila TB inayokosekana imekwenda mahali, na ukijua imekwenda wapi utajua pia NAS ipi ya kununua.

Sehemu ya kwanza ya upungufu ni ya vipimo tu. Mtengenezaji wa diski huhesabu kwa kumi: kwake TB 1 ni baiti 1,000,000,000,000. Windows na NAS nyingi huhesabu kwa 1,024, hivyo kwao TB 1 ni baiti 1,099,511,627,776. Baiti ni zilezile, pishi ndilo limekuwa kubwa zaidi. Diski ya TB 4 husomeka 3.63, na nne kwa pamoja husomeka 14.5. Mfumo wa NAS yenyewe nao hujitengea gigabaiti chache kwenye kila diski.

Sehemu kubwa imechukuliwa na RAID, mpango wa kuzifanya diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Jina hilo lilienea kuanzia mwaka 1988, pale David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoeleza jinsi diski nyingi za bei nafuu zinavyoweza kushindana na diski moja kubwa ya ghali. Tatizo lilikuwa wazi tangu mwanzo: diski zikiwa nyingi, uwezekano wa mojawapo kufa huongezeka. Lazima basi nafasi fulani itolewe kafara ili kifo hicho kistahimilike.

Chukua RAID 5 yenye diski nne. Kila data inapoandikwa, hugawanywa kwenye diski tatu, na ya nne hupewa alama ya hesabu. Tuseme diski tatu zimeandika 1, 0 na 1. Moja ziko mbili, idadi shufwa, basi ya nne huandika 0. Zingekuwa 1, 1 na 1, idadi ni witiri, na ya nne ingeandika 1 ili jumla ya moja zote iwe shufwa daima. Sasa rudi kwenye mfano wa kwanza, diski ya pili ife. Zimebaki 1, 1 na 0. Moja ziko mbili, tayari ni shufwa, kwa hiyo iliyopotea ilikuwa 0. NAS hurudia hesabu hii kwa kila biti ya diski iliyokufa, na wafanyakazi huendelea kufungua mafaili yao, ingawa polepole. Gharama yake ni nafasi ya diski moja: TB 12 kwa kipimo cha lebo, ambazo husomeka 10.9.

RAID 6 huweka hesabu mbili tofauti na kuvumilia vifo viwili. RAID 10 huandika kila kitu mara mbili. Zote mbili hula nafasi ya diski mbili kati ya nne, na ndipo ile 7.2 ilipotoka. RAID 1 ni diski mbili zenye nakala ileile. RAID 0 hukupa TB 16 zote za lebo, lakini diski yoyote ikifa, kila kitu kimekwenda. Usiiweke ofisini.

Saa ya hatari kubwa ni ile inayofuata kifo cha diski. Diski mpya ikipachikwa, NAS husoma zilizobaki kuanzia mwanzo hadi mwisho ili kuijaza. Kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde, TB 4 huchukua zaidi ya saa saba, na hiyo ni ofisi ikiwa imelala. Watu wakiwa kazini huweza kupita siku nzima. Diski ya TB 16 huchukua saa 22 hivi hata kwa MB 200 kwa sekunde bila kusumbuliwa. Muda wote huo RAID 5 haina kinga yoyote, na diski zilizobaki mara nyingi ni za umri mmoja na toleo moja na ile iliyokufa, zikifanyishwa kazi ngumu kuliko wakati mwingine wowote. Ndiyo maana kwa diski kubwa, TB 8 kwenda juu, tunashauri RAID 6 au RAID 1 badala ya RAID 5.

Aina ya diski nayo ina uzito wake. Ziko diski zinazoandika mistari ya data ikilaliana kama vigae vya paa, teknolojia iitwayo SMR. Kubadilisha mstari mmoja hulazimu kuandika upya na ile inayoulalia, kwa hiyo wakati wa kujaza diski mpya kasi huporomoka, na NAS huweza kuihesabu diski nzima kuwa imekufa. Mwaka 2020 watengenezaji wakubwa walikiri kuuza baadhi ya diski za SMR bila kulitaja hilo. Tafuta neno CMR, yaani mistari isiyolaliana, kwenye karatasi ya vipimo, na usipoliona, chagua diski nyingine. Diski za kompyuta za kawaida zina kasoro nyingine: zikikuta sehemu mbovu huweza kung'ang'ana nayo kwa nusu dakika au zaidi, ilhali za NAS huachana nayo baada ya sekunde saba hivi na kuiachia RAID ifanye hesabu yake.

Kwa hiyo ununue ukubwa gani? Pima mafaili yaliyopo, kisha ukuaji wa mwaka mmoja. Tuseme una GB 900 na huongeza GB 400 kila mwaka. Baada ya miaka minne ni GB 2,500. Acha moja ya tano wazi, kwa sababu NAS iliyojaa hupungua kasi na kukosa pa kuweka matoleo ya zamani ya mafaili: unahitaji GB 3,125. Diski mbili za TB 4 kwa RAID 1 zinatosha. Kwa ofisi ya watu chini ya kumi wenye nyaraka na picha, huu ndio uchaguzi wetu wa kwanza, na fedha ambayo ingenunua diski nyingine mbili iende kwenye nakala rudufu. NAS yenye nafasi nne za diski waachie wanaohifadhi video au michoro mikubwa.

Maana RAID si nakala rudufu. Faili likifutwa, linafutwa kwenye diski zote kwa sekunde ileile. Virusi vya kudai fidia vikilifunga, vinafunga pote. Mwaka 2022 virusi vya Deadbolt vilifunga mafaili kwenye NAS nyingi zilizokuwa wazi kwa intaneti, na RAID haikuwa na msaada wowote. Usifungue mlango wowote wa ruta, kifaa kinachounganisha ofisi na intaneti, kuelekea NAS. Anayefanya kazi nje ya ofisi apitie VPN, njia ya siri iliyofumbwa ndani ya intaneti. Zima SMB 1, njia ya zamani ya kushirikiana mafaili iliyopitiwa na virusi vya kudai fidia vya WannaCry mwaka 2017. Washa utunzaji wa matoleo ya mafaili ya kila saa. Kisha nunua diski mbili za nje: moja imechomekwa usiku kupokea nakala, nyingine iko jengo lingine, na zibadilishane kila wiki. Diski inayobaki imechomekwa siku zote huweza kufungwa na virusi vilevile.

Kuhusu kasi, usilipie kisichopita kwenye waya. Mtandao wa gigabiti 1 hupitisha takriban MB 110 kwa sekunde, na diski moja tu ya kawaida huufikia inaposoma faili kubwa. Ofisi ikilalamika kwamba NAS ni nzito, angalia kebo kwanza. Gigabiti 1 hutumia jozi zote nne za nyaya. Jozi moja ikikatika, vifaa vingi hushuka kimyakimya hadi megabiti 100, yaani MB 11 kwa sekunde. Kwenye swichi nyingi za mtandao, kifaa ambamo kebo za ofisi hukutana, taa huonyesha hilo kwa rangi. SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, husaidia pale watu wengi wanapofungua mafaili madogo kwa pamoja.

UPS, betri inayoshika umeme unapokatika, iunganishwe na NAS kwa kebo ya USB, si ya umeme peke yake. Bila kebo hiyo NAS haijui kwamba inatumia betri, na betri ikiisha huzimika katikati ya kuandika.

Kabla ya kuweka faili la kwanza la kazi, mwagia humo mafaili ya majaribio, kisha chomoa diski moja kifaa kikiwa kimewaka, mradi maelezo yake yanaruhusu. Kinapaswa kulia na kutuma barua pepe kwa mhusika. Isipofika, rekebisha mipangilio siku hiyohiyo. Irudishe diski. NAS nyingine huanza ukarabati zenyewe, nyingine husubiri uagize. Andika ulichukua saa ngapi, na ubandike karatasi hiyo kwenye kifaa.