Kiama: neno la maangamizi lililoanza na kusimama

Mtu akitishwa kwamba "leo utakiona kiama", hawazi kusimama. Anawaza moto, vilio, ardhi kupasuka. Ila ukilifuata neno hadi kwao, maana yake ni hiyo hiyo: kusimama.

Kiama, au kiyama, ni qiyama ya Kiarabu. Mzizi wake ni qaf, waw na mim, mzizi wa kuinuka na kusimama. Ndugu zake tunawatumia kila siku: kaimu ni aliyesimama mahali pa mwenye cheo, na anayekimu sala anawaita watu wasimame safuni. Siku ya kiyama, basi, ni siku ya wafu kuinuka makaburini na kusimama mbele ya Mola wao kuhesabiwa. Kurani ina sura yenye jina hilo, ya 75. Picha yenyewe lakini naiona vizuri zaidi katika Sura Az-Zumar, aya ya 68: baragumu linapulizwa, waliomo mbinguni na ardhini wanaanguka, ila amtakaye Mungu, linapulizwa tena, na mara hao wamesimama, wanatazama. Maangamizi ni ya baragumu la kwanza. Kusimama ni kwa la pili.

Biblia ya Union Version nayo inalitumia neno kwa maana hiyo ya zamani. Mathayo 22:30 inasema "katika kiyama hawaoi wala hawaolewi". Ukiisoma kwa Kiswahili cha mtaani utadhani harusi zimeahirishwa kwa sababu ya balaa! Kinachosemwa hapo ni ufufuo tu, na neno la Kigiriki lililotafsiriwa, anastasis, nalo asili yake ni kusimama.

Vitisho vya siku hiyo ndivyo vilivyolimeza jina lake. Baadaye likashuka hadi kwenye balaa lolote: vita, mafuriko, hata mtihani mgumu. Apokalipsi ya Kigiriki, jina la kitabu cha mwisho cha Biblia, ilipatwa na hayo hayo: leo Wazungu wanaitumia kwa maangamizi, ila kwa Wagiriki ilikuwa kufunua kilichofunikwa. Watafsiri wetu wakaiita Ufunuo, na kwa Kiswahili ufunuo haujamtisha mtu.

Jambo moja la sarufi. Ile ki- si kiambishi, ni sehemu ya neno lenyewe, ila tumeshaizoea kama kiambishi: kiama kimefika, kiama chake. Kitabu, kitab ya Kiarabu, kilipita njia hiyo hiyo kikazaa vitabu. Viama sijavisikia bado.