Mrima uliuzwa, Mwambao ulikodishwa

Barazani Mji Mkongwe, kahawa ikishazunguka na mtu akitaja Mombasa, hukosi kusikia: "Sultani kaiuza pwani yote, pesa kala." Kuna kweli humo, lakini imechanganywa na mengi.

Kilichouzwa ni Mrima, yaani pwani ya Tanganyika, pamoja na kisiwa cha Mafia. Mnunuzi alikuwa Ujerumani, mwaka 1890, zama za Sayyid Ali bin Said, Sultani wa Zanzibar, kwa marka milioni 4, sawa na pauni 200,000 za wakati ule. Ila uuzaji wenyewe ulikuwa wa namna gani! Miaka miwili nyuma Sayyid Khalifa, Sultani aliyemtangulia, alikwisha kuikabidhi kampuni ya Kijerumani kazi ya kukusanya ushuru bandarini, watu wa Mrima wakakataa, vita vikaripuka, na kiongozi wao, Abushiri bin Salim, akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mnunuzi kashaingia nyumbani na mizinga, ndipo mnakaa kupatana bei. Kaskazini kabisa, bandari za Banadiri, Mogadishu na Barawa zikiwemo, zilikodishwa kwa Waitalia 1892, wakazinunua 1905.

Mombasa, Malindi na Lamu hazikuuzwa. Mwambao, yaani ukanda huo wa pwani ya Kenya wenye upana wa maili 10, ulikodishwa kwa Waingereza, na bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea Ngome ya Yesu mpaka 1963.

"Pesa kala Sultani." Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, na mimi naona ndipo penye dhuluma yenyewe. Tangu 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na hazina ikawa mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1895 kampuni yao iliyokuwa ikiendesha Mwambao ilishindwa, ikabidi ilipwe fidia iondoke. Pauni 200,000 za fidia hiyo zilitoka katika fedha ya Zanzibar, ile ile iliyolipwa na Wajerumani kwa ajili ya Mrima. Kisha Uingereza ikakubali kuilipa Zanzibar pauni 17,000 kila mwaka: 11,000 kodi ya Mwambao, na 6,000 riba ya asilimia 3 juu ya zile 200,000. Kwa hiyo bei ya Mrima ndiyo iliyomtoa mpangaji wa kwanza wa Mwambao, yaani ile kampuni, akaingia wa pili, Serikali ya Uingereza, naye ni nduguye.

Wengine husema: "Tulibadilishwa na Heligoland." Heligoland kilikuwa kisiwa cha Uingereza, na Ujerumani haikuwahi kuimiliki Zanzibar hata iitoe. Ilichofanya katika mkataba wa Julai 1890 ni kuiachia Uingereza nafasi ya kuweka himaya hapa.

Jengine lilivuma sana kwa ndugu zetu wa Mombasa: ati mkataba wa 1963, wa kuiachia Kenya Mwambao, ulikuwa wa miaka 50, ukaisha 2013. Miaka 50 ilikuwamo katika ule wa 1887, wa Sayyid Barghash na Waingereza. Wa Oktoba 1963 hauna muda: Sultani aliacha mamlaka yake moja kwa moja, kuanzia siku Kenya itakapopata uhuru. Katika barua walizoandikiana Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wetu wa wakati ule, Mohamed Shamte, Kenya iliahidi kulinda uhuru wa dini, hati za ardhi za watu wa Mwambao na mahakama za Kadhi. Mahakama hizo zimo hata katika katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 170.