Ndiyo, ziwa lipo. Maji tunabeba vilevile

Wiki iliyopita simu ililia nikiwa chini ya gari, mikono imejaa grisi. Mteja. Wanakuja watu sita, wanataka kulala Sibiloi siku nne, na kwenye orodha niliyomtumia ameona mitungi kumi na sita ya maji. "Kaka, hii si ni kutuongezea gharama tu? Nimeangalia ramani. Kambi iko ziwani kabisa. Si tutachemsha?"

Nilinyamaza kidogo, nikajifanya mtandao unasumbua. Huyu ni wa tatu tangu mwaka uanze. Basi leo nakaa niandike, na kuanzia kesho atakayeuliza nitamtumia ukurasa huu, mimi niendelee kupaka springi grisi.

Kwa ambaye hajafika: Sibiloi ni mbuga ya kitaifa upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, kilomita za mraba 1,570 za mawe, mchanga na vichaka vya miiba. Ilitengwa mwaka 1973, na sababu kubwa haikuwa wanyama bali mifupa. Huku Koobi Fora ndiko Bernard Ngeneo alikookota, mwaka 1972, vipande vya fuvu la jamii ya binadamu wa kale lililopewa namba 1470. Unapiga hema mwenyewe, unapika mwenyewe, na hakuna duka la kukimbilia. Hayo utayasoma kwingine. Turudi kwenye ziwa.

Maji ya Turkana, sehemu kubwa sana, huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia. Yanaingia, hayatoki. Hakuna mto hata mmoja unaotoka ziwani. Njia pekee ya kuondoka ni kupanda juu kama mvuke, na jua la kule hunyanyua zaidi ya mita mbili za maji kila mwaka. Mvuke haubebi chumvi. Chumvi inabaki chini, mwaka baada ya mwaka. Zamani sana, miaka elfu kadhaa iliyopita, mvua zilikuwa nyingi na ziwa lilijaa hadi likafurika kuelekea Nile, ndiyo maana leo lina sangara na mamba wa jamii ileile ya Nile. Mlango huo ulikauka. Sasa ni sufuria iliyo motoni isiyomwagwa.

Matokeo yake ni kama gramu mbili na nusu za chumvi kwa lita. Bahari ina kama 35. Kwa hiyo rafiki zangu wa Mombasa wakionja hucheka: hii nayo mnaiita chumvi? Wana haki ya kucheka, kwa sababu sehemu kubwa si chumvi ya mezani bali ni magadi. Nawa mikono ziwani uone: vidole vinateleza kana kwamba umesahau kusuuza sabuni.

Sasa hapa kwenye kuchemsha naomba tukae kidogo, maana ndipo damu yangu inapopanda. Kuchemsha kunaua vijidudu. Basi. Magadi si kijidudu, hayafi. Tena ukichemsha lita moja ikabaki nusu, magadi yaleyale ya lita sasa yako ndani ya nusu lita. Umelipia gesi ili uongeze uchungu. Vidonge vya kutibu maji? Hivyo pia kazi yake ni vijidudu. Na ile mirija ya kuchujia ambayo kila mgeni sasa anakuja nayo shingoni kama filimbi ya refa, inazuia tope na vijidudu, na inafanya kazi hiyo vizuri, lakini kitu kilichoyeyuka kinapita nayo moja kwa moja. Jaribu nyumbani: koroga kijiko cha chumvi kwenye glasi, pitisha kwenye mrija wako wa bei ghali, kisha uonje. Mgeni mmoja alinisomea maandishi ya kwenye kifurushi, kwa sauti, neno kwa neno, pale ufukweni. Nikamwambia boksi halijadanganya, ila linazungumzia kitu kingine.

Siku hizi sibishani. Jioni ya kwanza kambini mpishi wetu anachemsha chai mara mbili, sufuria moja kwa maji ya mtungi na nyingine kwa maji ya ziwa, majani yaleyale, sukari ileile. Ya ziwa inatoka nyeusi iliyoiva kupita kiasi, na mdomoni ni kama umekunywa supu ya maharagwe iliyotiwa magadi na mtu aliyekasirika. Sijawahi kuona mtu akimaliza kikombe. Baada ya hapo hakuna anayeuliza tena kuhusu mitungi.

Kuna na floridi. Hii haionekani wala haina ladha, na ziwani imezidi mara kadhaa miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limeweka kama kikomo. Mtoto anayekua akiinywa, meno yake huota na madoa ya kahawia. Wewe wa siku nne haitakufanya kitu.

Hapo napenda niseme wazi, kwa sababu upande wa pili nao kuna wanaoniudhi: waongozaji wenzangu wanaotisha wageni kwamba maji ya Turkana ni sumu, ukinywa umekwisha. Acheni hizo. Waelmolo na wavuvi wengi wa mwambao wamekunywa maji hayo vizazi na vizazi. Hawafurahii, na wakipata kisima au bomba wanalifuata, lakini wako hai. Maji ya dripu wanayokuwekea hospitalini yana gramu tisa za chumvi kwa lita, zaidi ya mara tatu ya ziwa letu. Kwa hiyo kama gari limekufa, mitungi imekwisha na msaada haujafika, mimi nitakunywa ziwa, na nitakunywa bila kusubiri hadi nizimie. Tumbo litalalamika, pengine litaharisha, na kuharisha jangwani si mchezo. Kwa hiyo kuna hesabu ya kufanya, na nakiri sijui mstari uko wapi hasa: ni saa ngapi ya kiu ndipo maji mabaya yanakuwa afadhali kuliko kutokunywa. Vitabu vya kujiokoa huandika "kamwe usinywe" halafu vinafunga ukurasa.

Vitabu hivyohivyo ndivyo vinavyofundisha kuchimba shimo, kutandika plastiki juu yake, kuweka kikombe katikati na kungoja jua likuvukizie maji safi. Nilijaribu, kwa maji ya ziwa, siku nzima, nikitumia karatasi ya nailoni ya dukani. Nilipata chini ya nusu kikombe, chenye ladha ya nailoni. Jasho nililomwaga kuchimba lile shimo lilikuwa zaidi.

Nikisema jasho, tuingie kwenye upepo, kwa sababu upepo ndio unaofanya hesabu ya maji iwe kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Watu huogopa jua la Turkana. Jua linajitangaza, unaliona, unavaa kofia. Upepo ni mwizi. Unatoka kusini-mashariki, umebanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za kwetu, na ukishabanwa unakimbia. Si bure kwamba kusini mwa ziwa kumesimikwa mapangaboi 365 ya umeme. Kambini maana yake ni hii: unatoka jasho lakini hulioni. Shati kavu, uso mkavu, unajisikia umepoa. Mtu wa Mombasa akitembea saa moja shati linamgandia mgongoni, mwili wenyewe unamwambia unywe. Huku ngozi imekauka, ina unga mweupe wa chumvi kwenye nyusi, na mwenye ngozi anasema "niko sawa, sina kiu". Jioni kichwa kinamgonga, hataki kula, anajibu kwa mkato. Mkewe anadhani amekasirika. Mpe maji kwanza, ndoa baadaye.

Hesabu yangu basi ni lita saba kwa kichwa kwa siku: tano za kunywa, mbili za kupika na kuosha uso. Kuoga na vyombo, tumia ziwa, ila suuza mwisho kwa kikombe kimoja cha maji ya mtungi. Wageni sita, mimi na mpishi ni wanane. (Kila mteja huhesabu sita. Mimi na mpishi sijui anadhani tunakunywa nini.) Kulala mara nne ni siku tano za kuwa ndani ya mbuga, lita 280, mitungi kumi na minne ya lita ishirini. Miwili ni ya akiba, nitaieleza. Jumla kilo 320 za maji, na ndiyo, gari linaenda likilalamika, na ndiyo, tunafanana na mikokoteni ya wauza maji mtaani. Najaza Marsabit, pamoja na mafuta.

Je, tano za kunywa ni sahihi? Sina hakika. Kuna wageni waliomaliza na tatu wakawa wazima, na kuna mmoja aliyenifundisha kwamba maji peke yake yanaweza kuwa kosa. Alikuwa mtu mtiifu. Nilimwambia anywe, akanywa, nadhani lita nane siku hiyo, na kwa kuwa joto lilimkata hamu hakula kitu zaidi ya tunda. Jioni kichwa, kutapika, maneno yamechanganyika. Mimi nikaona kiu, nikampa maji zaidi. Nilikosea. Muuguzi wa zahanati tuliyofika asubuhi alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto: chumvi ya mwili ilikuwa imeoshwa na maji. Alipona, nashukuru Mungu. Tangu siku hiyo nabeba pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji, nalazimisha uji asubuhi, na mtu asiyekula simwambii tena "kunywa tu". Lakini usiku, kwa tochi, mtu anatapika na kichwa kinamuuma, kutofautisha aliyekunywa kidogo na aliyekunywa mno ni vigumu. Namuuliza alikula nini na alikojoa mara ngapi. Zaidi ya hapo nakisia.

Mengine nayapita haraka. Mamba wapo, wengi, usichote maji jioni wala kusimama ndani hadi magoti kupiga picha. Nge: kung'uta viatu. Nyoka: tochi kila unapotoka, hata kwa hatua tano.

Hema. Utafika saa kumi alasiri, upepo umelegea, ziwa limetulia kama kioo, utaniona nafunga kamba za ziada na utaniambia natia chumvi. Upepo wa Turkana ni wa usiku. Saa saba hivi unaamka, unakaza hadi alfajiri, na hema lililosimikwa kwa vigingi vyembamba vya kiwandani linaanza kutembea na mtu ndani. Mchanga haushiki vigingi hivyo. Zika mfuko uliojaa mchanga, ufunge kamba hapo. Mlango uelekee kaskazini-magharibi.

Nasema mfuko wa mchanga, sisemi jiwe, na nina sababu. Mwaka mmoja kijana mmoja, mchapakazi, aliamua kunisaidia. Nilirudi kutoka kwa askari wa lango nikakuta hema lake limezungushiwa mawe safi, mazito, ya ukubwa mmoja. Moja lilikuwa na mistari. Nikainama. Ilikuwa nyuzi za mti, pete za miaka, ganda na yote, mti uliogeuka jiwe mamilioni ya miaka iliyopita. Jingine, la kahawia, lililokuwa jepesi kidogo na lenye vitundu upande uliovunjika, sikutaka hata kuligusa. Kitundutundu kile kinaweza kuwa ndani ya mfupa. Kuhamisha visukuku ni kosa kisheria, na hata kama haingekuwa kosa, kitu kilichotolewa mahali pake kimepoteza nusu ya habari zake. Tulitumia jioni nzima yeye akijaribu kukumbuka kila jiwe alilitoa wapi, mimi nikifuata nyayo zake kabla upepo haujazifuta. La kahawia nilimwonyesha askari pale lilipokuwa. Alilitazama, akalitikisia kichwa, hakuniambia ni nini.

Sasa ile mitungi miwili ya akiba. Njia yetu inakatiza Chalbi, na Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka, tambarare, nyeupe, unaweza kuendesha kwa mkono mmoja. Ikinyesha, hata mvua iliyonyesha mbali milimani usiyoiona, sakafu ile inageuka uji. Nimelala pale usiku mbili nikingoja ikauke, magurudumu yamezama hadi ekseli, maji pande zote za gari na hakuna ya kunywa zaidi ya mitungi yangu.

Mteja wa wiki iliyopita amekubali orodha. Jana usiku akatuma ujumbe mwingine: kwa kuwa ni jangwa, viatu vya wazi vitatosha, sivyo? Nimemwambia abebe gambuti.