Je, wajua kwa nini vichekesho vya Mufwankolo havikuandikwa neno kwa neno?

Kwa miaka mingi kundi la maigizo la Mufwankolo la Lubumbashi, mji wa kusini mwa Kongo (Kinshasa), lililopewa jina la jukwaani la kiongozi wake Odilon Kyembe Kaswili, lilichekesha watu kwa Kiswahili redioni na kwenye televisheni. Hata hivyo, mtu ambaye angeomba daftari lenye maneno ya waigizaji asingelipata.

Jinsi walivyotunga inajulikana vizuri, kwa sababu mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwafuata hatua kwa hatua. Aliwauliza maana ya msemo "Le pouvoir se mange entier", yaani mamlaka huliwa yakiwa mazima, nao wakaamua kuufanyia mchezo. Walianza kwa kujadiliana juu ya maana yake, kisha wakaigawa hadithi ya kijiji na chifu wake katika sehemu, wakapeana nafasi, na kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe papo hapo, huku wenzake wakimsikiliza na kumsahihisha. Kamera ziliwakuta katika kijiji nje ya mji.

Kwa nini hawakuandika kwanza? Kiswahili cha Lubumbashi kilikua katika kambi za wafanyakazi wa migodi na mitaani, miongoni mwa watu waliotoka makabila mengi, ilhali shuleni na ofisini kalamu ilishikwa zaidi kwa Kifaransa. Naamini kwamba kichekesho kinachotegemea namna mama wa sokoni anavyokatiza maneno ya mumewe, au karani anavyochomeka Kifaransa ili aonekane mkubwa, kingepoa kabisa kama kingepitia kwanza karatasini.

Ndiyo maana kazi ya mtunzi hapa ilikuwa tofauti na ile ya Marekani, ambako waandishi wa vichekesho vya televisheni huketi chumba kimoja, na anayedumu kazini hupanda ngazi hadi kuitwa mtayarishaji. Katika kundi hili kiongozi aliigiza pamoja na wenzake na kuongoza mazoezi, na kila mwigizaji alikuwa mtunzi wa sehemu yake, jambo ambalo kwangu ni heshima kubwa kwa mwigizaji.

Maneno ya mchezo ule yaliandikwa baadaye, pale Fabian aliponukuu kutoka kwenye kanda alizorekodi wakati wa majadiliano, mazoezi na uigizaji wenyewe.