Msitu ni wa nani? Yanayosemwa na yaliyopo

"Wanakijiji ndio maadui wa msitu." Kauli hii ilishajibiwa zamani Duru-Haitemba, wilayani Babati, Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikuwa mbioni kuufanya msitu ule wa miombo, hekta 9,000 hivi, kuwa hifadhi yake. Watu wakakimbilia shoka: cha kuchukuliwa kesho, bora ukivune leo. Mpango huo uliposimamishwa na vijiji vinane vikaachiwa kila kimoja kipande chake, vijiji vilevile vilitunga sheria ndogo, vikapanga zamu za doria na kutoza faini. Miti ileile, watu walewale.

"Kushirikishwa ni kuitwa mkutanoni na kusaini mahudhurio." Ukiona posho zinavyogombewa, utaamini hivyo. Lakini Sheria ya Misitu ya Tanzania ya 2002 ina njia mbili, na hapa ndipo watu wengi huchanganya. Msitu wa hifadhi ulio kwenye ardhi ya kijiji ni mali ya kijiji: mkutano mkuu hupitisha mpango wa usimamizi, kamati ya maliasili husimamia, na mapato ya mavuno hubaki kijijini. Kule Kilwa vijiji vimeuza mpingo kwa njia hii. Hifadhi ya Serikali ni habari nyingine. Kijiji husaini mkataba wa usimamizi wa pamoja, kikafanya doria, na mwenye mali akabaki kuwa Serikali. Mara nyingi kinachorudi ni kuni za kuokota, uyoga na mitishamba, huku ngedere wakishuka kumalizia mahindi shambani. Mengi yanayoitwa "ukaidi wa wananchi", kwa maoni yangu, ni hesabu hii tu isiyotoka.

"Kamati imekubali, basi kijiji kimekubali." Wapi! Mfugaji anataka malisho ya kiangazi, mchoma mkaa anataka miti mikubwa, mama anataka kuni kavu karibu na nyumbani. Kamati ya wanaume watupu ikifunga msitu wote, anayetembea zaidi na mzigo kichwani anajulikana.

"Msitu wenye mgogoro umeshashindikana." Msitu wa Karura, Nairobi, bado upo kwa sababu ya mgogoro. Viwanja vilikuwa vimeshagawiwa watu binafsi. Leo shirika la misitu la Kenya linausimamia pamoja na chama cha jamii, na watu huenda kukimbia humo asubuhi. Haikuja bure: Januari 1999 Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira aliyepinga ugawaji ule, alipigwa langoni akijaribu kupanda mti. Alipofika polisi kuandikisha taarifa, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe.