Neno "run" na watu wanaolitafsiri "kukimbia" kila mahali

Septemba 2025, Alphonce Simbu, mwanariadha wetu anayefanya mazoezi hapa Arusha, alishinda mbio za marathoni za mashindano ya dunia jijini Tokyo kwa tofauti isiyofika hata nusu sekunde. Habari za Kiingereza za ushindi ule zilijaa neno "run" na ndugu zake, na hapo halikumsumbua mtu: run ni kukimbia. Ndivyo tulivyofundishwa shule ya msingi, na ndivyo daftari za wanafunzi wengi wanaofika chuoni kwetu zinavyosomeka, neno moja upande wa kushoto, tafsiri moja upande wa kulia.

Taabu huanza neno hilohilo linapotoka uwanjani na kuingia kwenye mkataba wa pango, kwenye ratiba ya treni, au kwenye kinywa cha mgeni anayeumwa mlimani. Sisi tunaofundisha Kiingereza cha kazi kwa vijana wa Arusha na Moshi tunaliona likiwaangusha watu wenye akili nzuri kabisa, na si kwa uvivu wao. Walipewa maana moja, wakaambiwa wamemaliza.

Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilianza kutolewa kwa vipande mwaka 1884, na toleo lake la kwanza likakamilika mwaka 1928. Katika toleo la pili la mwaka 1989, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set", ambalo kama kitenzi lilikuwa na maana zaidi ya 400. Wahariri walipokuwa wakiandaa toleo la tatu, "run" likalipita. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba kitenzi hicho kimefikisha maana 645, na kwamba mhariri aliyezipanga, Peter Gilliver, alitumia miezi tisa kwa neno hilo peke yake. Ndani ya hesabu hiyo zimo maana za kale ambazo hakuna anayezitumia leo, pamoja na zile zinazozaliwa neno linapoungana na vijineno kama "out", "over" na "into". Hakuna Mwingereza aliyekaa chini akazikariri. Anazijua kama sisi tunavyolijua neno "piga". Tunapiga simu, pasi, mswaki, kura, hodi, magoti na soga, na katika hayo yote hakuna anayefikiria fimbo.

Hili si sawa na neno "paa". Paa la nyumba, paa wa porini na kupaa angani ni maneno mbalimbali yaliyokutana sauti tu, na wataalamu wa lugha huyatenga kwa jina la homonimia. "Run" ni polisemia: neno moja lililotanuka, maana moja ikizaa nyingine. Tofauti hii ina faida kubwa kwa mwanafunzi. Maana za paa hazina budi kukaririwa moja moja, lakini za "run" zina mzazi, na ukimjua mzazi watoto wengi utawatambua kwa sura.

Mzazi huyo si kukimbia. Tangu Kiingereza cha kale neno hili lilitumika kwa miguu ya mtu na pia kwa maji ya mto, na kinachounganisha mtu na mto ni mwendo usiokatika. Baadaye zikaja injini za mvuke, reli na viwanda, vitu vinavyokwenda mfululizo bila miguu, na neno likapata kazi mpya kwa wingi. Kompyuta zikaongeza nyingine. Kwa hiyo ushauri wangu kwa Mswahili ni huu: ukikutana na "run", anza na "kwenda" na "kuendesha", kisha ndipo ufikirie "kukimbia".

Utashangaa jinsi Kiswahili chako kilivyokwisha kukutayarishia njia. Waingereza husema barabara "runs" kutoka Arusha hadi Namanga. Sisi tunasema barabara iendayo Namanga. Mwenye hoteli "runs" hoteli yake, na sisi tunasema anaendesha hoteli, kama tunavyoendesha mkutano, kesi na gari. Treni iliporejea kufika Arusha mwaka 2020, mtalii aliyeuliza "How often does it run?" hakutaka kujua kasi yake. Alikuwa anauliza inakwenda mara ngapi kwa wiki. Mahakama nayo ikisema "sentences will run concurrently", mwandishi wa habari wa Kiswahili huandika kwamba vifungo vitakwenda pamoja, na ni sahihi kabisa. Katika mji wetu, wenye mahakama za kimataifa na wakalimani wengi, sentensi hiyo si ngeni.

Nikae kidogo kwenye karatasi za kisheria, maana huko kosa la tafsiri linagharimu fedha. Mkataba wa pango ukiandikwa kwamba "the lease runs for two years from 1 July", maana yake ni kwamba unadumu miaka miwili kuanzia Julai mosi. Hilo wengi hulikisia. Linalowapita ni hili: barua au notisi inayosema "time begins to run from the date of receipt". Si maneno ya kumhimiza mtu afanye haraka. Yanasema siku zinahesabiwa kutoka tarehe barua ilipopokelewa. Kama una siku 30 za kujibu au kukata rufaa, zinahesabiwa kuanzia hapo, hata kama barua imelala kabatini ikisubiri mtu wa kuisoma. Ukiona "run" karibu na "time" au "period" katika barua yoyote rasmi, andika pembeni tarehe uliyoipokea, kisha utafute msaada wa kuielewa siku hiyohiyo.

Mlimani Kilimanjaro neno hili linagusa uhai. Mgeni ameanza safari Machame, amelala Shira, na asubuhi anamwambia mwongozaji kwa sauti ya chini, "I've had the runs all night". Kijana mwenye maana moja tu kichwani anasikia habari za mbio, anatabasamu na kumpa hongera. Mgeni anasema ameharisha usiku kucha. Amesema kwa neno la stara kwa sababu anaona aibu, na hapa pia Kiswahili kiko karibu naye, kwani hata sisi, tukitaka kusitiri, husema tumbo linaendesha. Anayeharisha anapoteza maji na chumvi, na mwili wenye upungufu wa maji huleta kichwa kuuma, kichefuchefu na kuishiwa nguvu, dalili zinazofanana na za ugonjwa wa mwinuko. Kiongozi wa msafara asipoambiwa habari ya tumbo, anaweza kuzisoma vibaya zile dalili nyingine, na mbele bado kuna kilele cha mita 5,895.

Mgeni huyohuyo anaweza kusema "I'm running a temperature", yaani ana homa. Au "my nose is running", yaani anatokwa na kamasi. Au "I feel run down", amechoka na mwili hauna nguvu. Kila moja inataka swali la pili: tangu lini, mara ngapi, unakunywa maji kiasi gani? Na kama hukuelewa, rudi umuulize kwa neno jingine la wazi: "Do you mean diarrhoea?" Vijana wengi huogopa kuuliza hivyo wakidhani wataonekana hawajui Kiingereza. Daktari Mwingereza huuliza vivyo hivyo kwa Mwingereza mwenzake.

Vile vijineno vinavyofuata nyuma vinahitaji jicho kali. "We ran into a lion" ni kukutana na simba bila kutarajia. "We ran into a tree" ni kugonga mti. "Run over" peke yake ina sura tatu zinazosikika kila wiki katika ofisi za utalii: gari kumkanyaga mtu au mnyama, kikao kupitiliza muda, na kuipitia ratiba harakaharaka. Dereva aliyeambiwa "let's run over the plan" anatakiwa kufungua karatasi. "Run out" ni kuishiwa, iwe mafuta, maji au muda.

Kuna mahali "kwenda" haifiki, na mwanafunzi aambiwe ukweli. Kitenge kinachochuja rangi, Waingereza husema rangi zake "run". Mmarekani anayegombea uongozi "runs", ilhali Mwingereza kwa kazi ileile husema "stand", anasimama. Na "a run on a bank" haihusu kuendesha benki. Ni wateja wengi kwenda kwa pamoja kutoa fedha zao kwa hofu kwamba benki itaanguka, kama ilivyowapata Northern Rock ya Uingereza mwezi Septemba 2007, watu wakipanga foleni nje ya matawi. Hapo kukimbia kunarudi kweli, kwani watu wanakimbilia fedha zao.

Kwa walimu wa shule zetu, ombi langu ni dogo. Acheni kuwaandikisha watoto "run" likiwa pekee. Waandike sentensi nzima, wapigie mstari kile kinachofanya "run", kiwe mto, pua, mkataba au treni, kisha wajiulize kitu hicho kinakwendaje. Na anayetumia simu kutafsiri aandike sentensi kamili badala ya neno moja, kwa sababu simu nayo ikipewa "run" tupu hurudisha "kukimbia".