Toroka na okutoloka: maneno ya kukimbia na ndugu zake wa Kiganda

Hapa Kampala bado wapo wanaoamini Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Wanafunzi wangu wengi, Waganda, huingia darasani na imani hiyo, nami siwabishii. Naandika ubaoni "toroka", basi. Wanaangua kicheko, maana nyumbani husemwa okutoloka: binti kamfuata mchumba usiku, mfungwa karuka ukuta. Ni neno lile lile. Kiganda huweka r baada ya e na i. Kwingine ni l.

Upande wa Kiswahili, l hiyo mara nyingi imedondoka kabisa. Okuzaala ni kuzaa, okukula ni kukua. Sasa chukua okulokola, zitoe l zote mbili: okoa. Okulokoka, okoka. Hapa ndipo utamu ulipo. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe hapa Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Joe Church aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda. Uamsho wa Kikristo uliofuata ulienea Afrika Mashariki, na waumini wake wakaitwa Balokole. Jina likavuka mpaka, likawa walokole. Kwa hiyo Kiswahili kina shina moja mara mbili, moja lililokwisha kupoteza l zake, jingine lililorudi nazo. Na maana zimeachana: mvuvi aliyetolewa ziwani akiwa hai ameokoka, lakini si lazima awe mlokole: kesho unaweza kumkuta baa.

Pona nayo ni okuwona, kwa kuwa p yetu kwao hugeuka w, isipokuwa ikitanguliwa na m. Abiria wa bodaboda aliyekoswakoswa na lori atasema "Mponye!", nasi tungesema "Nimepona!" Lugha zote mbili zinaona kupona homa na kupona lori ni jambo moja. Ponyoka ni habari nyingine. Kambare akiteleza mkononi ameponyoka. Ukisema ametoroka utachekwa.

Kimbia halina mwenzake, Kiganda kina okudduka. Ila tazama mikia: kimbilia, kimbilio, okuddukira, ekiddukiro. Ukiongeza mkia huo, macho yanaiacha hatari na kutazama mahali pa usalama.

Watu wanaotafsiri kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale, hapa Uganda, ambako Wakongo wengi huzungumza Kiswahili, wachunge sana mkimbizi na mtoro. Mtoro ameacha wajibu: shule, kambi ya jeshi, kazi. Mkimbizi anaikimbia hatari. Ukimwita mkimbizi mtoro umeshamhukumu kabla hajajieleza. Kiganda humwita omunoonyi w'obubudamu, mtafuta hifadhi, na kwa maoni yangu kimetushinda hapo.

Epuka ni la jikoni. Mpishi huepua chungu motoni kabla wali haujaungua, na anayeepuka ugomvi anajitoa motoni vivyo hivyo. Waganda husema okwewala, na ile e ya katikati ndiyo ji yetu katika kujiepusha.